Antivirusi Tatu, Kompyuta Moja

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Morogoro nikiwa na cheo ambacho sikukiomba. Kwa kuwa niko chuo kikuu na nina laptopu, nyumbani mimi ndiye fundi wa kompyuta. Kwamba nasomea ualimu wa Historia na Kiswahili, hilo halimhusu mtu.

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imeshatumika, RAM ya GB 4 na diski ya zamani, ile inayozunguka. Humo ndimo anamotungia mitihani, anamoandika maandalio ya masomo na kujumlisha alama. Sijakaa vizuri akaniambia, "Mwanangu, hebu niangalizie hii flashi. Nikiichomeka, folda zote zinakuwa shotikati."

Shotikati hakuna mwanachuo asiyeijua. Unatoka kuprinti kazi steshenari, unachomeka flashi kwenye mashine yako, unakuta kila folda ina kamshale. Mafaili hayajafutwa. Kirusi kimeyaficha tu, kikaweka njia za mkato zenye majina yale yale, na ukibofya mojawapo unakiamsha chenyewe kihamie kwenye mashine. Wengi hapo wanaformati flashi, wanafuta kwa mikono yao kazi ambayo muda wote ilikuwemo.

Mimi sikuformati. Nilifanya kosa jingine. Nilijiambia: kama antivirusi moja imekipitisha kirusi hiki, nikiweka tatu hakipiti. Ile iliyokuja na Windows ilikuwepo. Nikapakua nyingine ya bure. Ya tatu nilikuwa nayo tayari, nimepewa na jamaa wa hosteli, ni ya kulipia lakini imekrakiwa. Nikaziweka zote, nikaenda kulala nimeridhika.

Kesho yake Mama anabonyeza kitufe cha kuwasha, anaenda kuosha vyombo, anarudi bado inawaka. Kwenye kona ya kioo kila mara kinaruka kisanduku chekundu cha onyo. Siku ya tatu akafungua folda ya matokeo ya Darasa la Sita. Faili la alama halimo. Wanafunzi 112, masomo sita, na ripoti zinatakiwa Jumatatu.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Wapo wenzetu ambao mashine zao zina antivirusi mbili au tatu, na wanalalamika kwamba laptopu imechoka.

Antivirusi inakaa wapi

Antivirusi si programu kama Word, ambayo inakaa inasubiri uifungue. Sehemu yake muhimu ni ulinzi wa wakati wote, na huo unajipachika ndani kabisa ya mfumo, kwenye njia ambayo kila faili hupita. Ukibofya insha yako, Windows haiifungui hivi hivi. Antivirusi inalisimamisha faili kwanza, inalilinganisha na alama za virusi inavyovijua, inaangalia kama lina tabia ya kutia shaka, ndipo inaliachia. Hata kabla hujagusa chochote, Windows yenyewe inafungua mafaili mengi wakati wa kuwaka, na ukaguzi upo hapo pia.

Mfikirie msimamizi wa mtihani aliyekaa mlangoni. Anaangalia kitambulisho, anakagua mfuko wa kalamu, unapita. Sasa weka msimamizi wa pili kwenye mlango huo huo, asiyemjua wa kwanza wala hajaambiwa kwamba yupo. Foleni inakuwa ndefu maradufu. Halafu anamwona mwenzake anapekua mikoba ya watahiniwa, anapiga kelele: mwizi!

Ndivyo inavyokuwa ndani ya mashine. Antivirusi ya kwanza ikifungua faili ili ilikague, kule kufungua nako ni kufungua. Ya pili inakuona, nayo inataka zamu yake. Kwenye diski inayozunguka ni balaa zaidi, maana mkono unaobeba vichwa vya kusomea ni mmoja, unaitwa huku na kule, na kazi ya Mama inasubiri nyuma ya foleni.

Kirusi halisi kikipatikana nako ni vurugu. Moja inalishika faili ili ilifungie karantini, nyingine inataka kulifuta, inaambiwa faili linatumika. Matokeo yake ni onyo lile lile linalorudi kila mara, nawe unadhani mashine imejaa virusi kumbe kipo kimoja kinachogombaniwa. Isitoshe, antivirusi kwa kazi yake hubeba alama za virusi na kuchungulia programu nyingine zinafanya nini. Mbele ya antivirusi nyingine, hizo ni tabia za kushukiwa.

Jambo la mwisho hapa ni mamlaka. Programu hizi hupewa ruhusa ya kufika mahali ambapo programu ya kawaida haifiki. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, na ndege zikakwama viwanjani. Halikuwa shambulio la mtu, lilikuwa kosa kwenye programu ya ulinzi. Kila unayoongeza ni mtu mwingine unayempa ufunguo wa chumbani.

Ushauri wa kaka zetu umepitwa na wakati

Mbona basi watu bado wanaambiana "mashine mpya, kwanza weka antivirusi"? Kwa sababu zamani ilikuwa kweli. Windows XP na Windows 7 hazikuja na antivirusi kamili ndani yake. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, antivirusi ya Microsoft, Defender, imo humo humo bila malipo.

Na Defender ina adabu. Ukiweka antivirusi ya kampuni nyingine ambayo imejitambulisha kwa Windows, Defender inajiweka pembeni yenyewe ili zisigongane, na ukiiondoa ile nyingine, inarudi kazini. Nyumbani, nilipofungua Windows Security, nilikuta imeshajiondoa zamani. Waliokuwa wanapigana ni wale wageni wangu wawili, maana wao hawana desturi ya kupishana.

Kuhusu ile ya kraki nakiri kwa aibu. Maelekezo yake yalisema nizime ulinzi wote kwanza ndipo niweke kraki. Yaani nilifungua geti, nikawatoa walinzi, nikamwingiza mtu nisiyemjua na kumkabidhi sare ya mlinzi.

Faili la Mama

Faili la alama lilikuwa la Excel, lenye makro, vile vipande vya maelekezo vinavyofanya faili lipange nafasi za wanafunzi lenyewe. Alitengenezewa na mwalimu mwenzake. Antivirusi huziangalia makro kwa jicho kali, na zina sababu: kirusi Melissa, mwaka 1999, kilisambaa kwa barua pepe kikiwa ndani ya hati ya Word yenye makro. Moja ya antivirusi zangu ikalishuku faili la Mama, ikalifungia karantini.

Kila antivirusi hukosea mara moja moja na kushika faili lisilo na hatia. Nilidhani nikiweka tatu nitajumlisha ulinzi. Sikufikiri kwamba najumlisha na makosa.

Hapo bado lilikuwa linaokoleka. Karantini ni mahabusu tu, unaweza kulitoa faili. Lakini mimi, kwa hasira na ule uzito wa mashine, asubuhi ile nilikuwa nimeshaiondoa antivirusi ile bila kuchungulia karantini yake. Iliondoka na mahabusu wake.

Nakala nyingine haikuwepo. Ijumaa na Jumamosi usiku tulikaa mezani na karatasi za alama, mimi nasoma, Mama anaingiza upya. Alama 672. Kwenye Sayansi ya mkondo B akasimama, akanywa maji, akasema, "Ungeniuliza tu faili gani ni la muhimu." Hakusema zaidi ya hapo.

Vinavyokaa pamoja na visivyokaa

Kanuni ni hii: antivirusi yenye ulinzi wa wakati wote iwe moja tu. Ukuta wa moto unaoendeshwa ndani ya kompyuta nao uwe mmoja. Vingine vinavyofanya kazi tofauti havigombani.

Ukihitaji maoni ya pili, tumia kikaguzi cha kuitwa, ambacho hukagua unapokiambia kisha kinatulia. Malwarebytes ya bure, majaribio yake yakiisha, inafanya kazi hivyo. Microsoft Safety Scanner nayo unaipakua na kuitumia bila kuisimika, na inaisha muda siku 10 baada ya kupakuliwa. Kwa kirusi king'ang'anizi, Defender ina ukaguzi wa nje ya mtandao: inaizima mashine na kukagua kabla Windows haijawaka, kirusi kikiwa bado kimelala.

Kama tayari unazo mbili, fungua karantini ya kila moja uangalie kilichofungiwa. Toa chako, ukiwa na uhakika ni chako. Kisha chagua moja ubaki nayo, ondoa nyingine kupitia mipangilio ya Windows, uwashe mashine upya. Ikibakiza mabaki, kampuni nyingi za antivirusi hutoa kifaa cha kuzisafisha bidhaa zao.

Halafu sasisha Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Mashine yenye tundu lisilozibwa haiokolewi na wingi wa walinzi getini.

Na weka nakala. Hakuna antivirusi inayorudisha kazi iliyofutwa na mwenye kompyuta mwenyewe. Mwenzangu unayeandika utafiti wa mwaka wa tatu, usisubiri somo nililolipata mimi.

Kompyuta ya Mama sasa ina Defender peke yake. Flashi ilisafishwa, mafaili yaliyofichwa yakatolewa, na inawaka kabla chai haijapoa. Kila Ijumaa ananakili faili la alama kwenye flashi mbili, moja inabaki shuleni. Bado mimi ndiye fundi wa nyumbani, ila kabla sijagusa kitu siku hizi nauliza kwanza: faili gani ni la muhimu?