Oicha: Kabla ya kununua kipimo cha pH cha bwawa la samaki, angalia haya

Huko Oicha, makao makuu ya wilaya ya Beni, Kivu ya Kaskazini, mashambulizi ya waasi wa ADF yamewafanya wakulima wengi kushindwa kufika mashambani. Kwa familia kama hizo, bwawa la tilapia karibu na nyumba ni chakula na ni minervali ya watoto. Asidi ikizidi majini, vyote viwili hupotea.

Tilapia hukua vizuri pH ikiwa kati ya 6,5 na 9. Chini ya 4 au juu ya 11, samaki hufa. Tena maji ya pH 5 yana asidi mara 10 kuliko ya 6.

Karatasi za kupimia ni rahisi, lakini hutoa makadirio tu. Ukitaka kipimo cha elektroniki, chagua kinachosawazishwa kwa maji maalum ya pH 4 na 7, kinachorekebisha chenyewe kulingana na joto, na ambacho betri zake zinapatikana sokoni. Uliza pia kama ncha yake ya kioo inaweza kubadilishwa. Ncha hiyo isikauke, wala isihifadhiwe katika maji safi ya kawaida.

Pima alfajiri na alasiri, kwani pH hupanda mchana mimea ya majini inapotumia hewa ya kaboni. Ukipima mara moja tu, unaweza kumwaga chokaa bila sababu.

Kipimo cha bei ndogo kinachosawazishwa mara kwa mara kinashinda cha bei kali kilichoachwa kabatini.