Je, Wajua? Kisu cha Kukunja, Kwa Kidole Gumba Tu!

Je, wajua kwamba kisu cha kukunja kina umri wa zaidi ya miaka 2,500? Kimoja chenye mpini wa mfupa kilifukuliwa Hallstatt, Austria. Kabla ya Kristo, ndugu yangu, watu walikwisha kukunja visu!

Na Okapi, kile chenye mwezi na nyota kwenye mpini, wajua kilikotoka? Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani Afrika. Jina lake ni la mnyama wa msitu wa Ituri, hapo ng'ambo ya mpaka wetu wa Arua! Wanasayansi walikuwa wamemtambua mnyama huyo mwaka 1901 tu, kwa ngozi na mafuvu aliyoyapeleka Harry Johnston, kamishna wa Uganda.

Mwaka 1981 kampuni ya Spyderco ya Marekani ilitoboa tundu la mviringo kwenye bapa la kisu. Tundu tu! Kidole gumba kikaingia, kisu kikafunguka kwa mkono mmoja, na kucha zikapumzika.

Sogea hapa nikuambie hili. Mvua za Agosti zikivimbisha mpini wa mti, bapa hukwama ndani. Watu wa Savoie, Ufaransa, wenye visu vya Opinel tangu 1890, hugonga kitako cha mpini mezani, na ncha huchomoza yenyewe. Jaribu, ila vidole vikae mbali!

Wajua adui mkubwa wa kisu chako hapa Ajia? Vumbi! Likichanganyika na mafuta hugeuka tope linalosaga chuma. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kikauke kabisa, kisha tia tone 1 la mafuta ya cherehani penye riveti. Tone 1, si 5! Fungua, funga, fungua, futa uchafu mweusi unaotoka. Mafuta ya kupikia usithubutu: baada ya muda huganda kama gundi.

Huna mafuta? Kwangua penseli! Unga wake mweusi si risasi, ni grafiti, nao hulainisha bila kunasa vumbi.

Na penye riveti, mabapa ya visu vingine vya siku hizi huzunguka juu ya goroli, kama gurudumu la baiskeli inayokwenda Koboko!

Haya, toa chako mfukoni, kichungulie penye riveti. Vumbi la Januari bado limo humo.