Umejuaje? Misingi ya Utafiti wa Sampuli na Hoja Thabiti

Mtu akituambia kwamba wakulima wengi wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hupoteza mazao yao kwa sababu ya tembo, swali la kwanza la mwanasayansi ni hili: umejuaje? Msimamizi wangu aliniandikia swali hilo pambizoni karibu katika kila ukurasa wa rasimu yangu ya kwanza, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo. Wakati huo lilinikera. Leo nawaandikia wanafunzi wangu swali hilo hilo, na makala haya yanakusudia kueleza namna ya kulijibu.

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, yafaa sana kujifunzia somo hili. Upande mmoja ipo Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Upande mwingine yapo mashamba ya mahindi, mpunga, mkonge na miwa, pamoja na malisho ya ng'ombe. Ardhi ni moja na wanaoihitaji ni wengi. Mwezi Desemba mwaka 2000 ugomvi kati ya wakulima na wafugaji ulisababisha vifo vya watu 38 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Mahali kama hapo, takwimu iliyokusanywa kwa uzembe yaweza kumnyima mtu haki yake, au kuwatwika lawama watu wasio na hatia.

KUNDI LENGWA NA SAMPULI

Tuchukulie kwamba twataka kujua ni kaya ngapi, katika vijiji kumi vinavyopakana na hifadhi, zilizoharibiwa mazao na tembo wakati wa masika iliyopita. Kaya zote za vijiji hivyo ndizo kundi lengwa. Kuihoji kila kaya ni kufanya sensa, na sensa ni kazi ya gharama kubwa. Ndiyo maana Taifa letu hufanya sensa ya watu takriban kila baada ya miaka kumi, na iliyofanyika mwaka 2022 ilitanguliwa na ile ya 2012. Kwa hiyo mtafiti huchagua sehemu ya kundi, nayo huitwa sampuli.

Mnunuzi wa nafaka aijua kanuni hii vizuri. Hamwagi gunia zima chini ili aone hali ya mahindi. Huchoma bambo na kutoa punje chache. Lakini mnunuzi mwangalifu huchoma juu, kati na chini, kwa kuwa anafahamu kwamba muuzaji aweza kuweka mahindi safi juu na mabovu chini. Mtafiti naye lazima ajihadhari na sehemu ya juu ya gunia. Akienda kwenye mkutano wa kijiji ulioitishwa kuzungumzia tembo, atawakuta hasa wale walioharibiwa mazao, na hesabu yake itazidi ukweli. Akiwahoji watu wa mji mdogo wa Mikumi kando ya barabara kuu, atawapata wafanyabiashara na madereva wengi ambao hawana shamba mpakani, na hesabu yake itapungua.

Njia iliyo salama ni kupata orodha ya kaya kutoka serikali ya kijiji, kuipa kila kaya namba, kisha kuchagua kwa kura. Orodha yenyewe nayo ichunguzwe. Mara nyingi wafugaji wanaoishi mbali katika maboma yao, au wahamiaji wapya, hawamo. Basi mtafiti atembee na mwenyekiti wa kitongoji ili kuikamilisha, kwa maana asiyekuwamo katika orodha hana nafasi yoyote ya kusikika.

Wanafunzi wengi huuliza: sampuli iwe kubwa kiasi gani? Kaya 400 zilizochaguliwa kwa kura kutoka orodha nzima hutupa jibu la kuaminika kiasi cha kutosha. Tukikuta kwamba asilimia 30 ya kaya hizo ziliharibiwa mazao, twaweza kutarajia, mara 95 katika kila 100, kwamba ukweli wa kundi zima uko kati ya asilimia 25 na 35. Tukitaka kupunguza pengo hilo kwa nusu, sampuli haitoshi kuongezwa maradufu. Itabidi iwe mara nne, yaani kaya 1,600.

Hata hivyo, wingi peke yake hauponyi uchaguzi mbaya. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, na zaidi ya milioni 2 zikarudishwa. Gazeti likatabiri kwamba Landon angemshinda Rais Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati ambapo maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Tena waliojibu walikuwa wale tu waliopenda kujibu. Mwaka huo huo George Gallup alitabiri mshindi kwa usahihi, akitumia watu wachache mno kuliko hao.

MASWALI NA WANAOULIZWA

Sampuli njema yaweza kuharibiwa na swali baya. "Je, huoni kwamba tembo wamezidi kutuonea?" Swali hili limekwisha kujijibu. "Je, unaridhika na huduma ya maji na zahanati?" Haya ni maswali mawili, na anayeridhika na moja tu hajui ajibu nini. Swali bora lasema wazi jambo, mahali na wakati: "Tangu mvua za masika zilizopita zilipoanza hadi mlipomaliza kuvuna, je, tembo waliingia katika shamba lolote la kaya hii?" Kabla ya kwenda kijijini, hojaji ijaribiwe kwa watu wachache, ili maneno yasiyoeleweka yajulikane mapema.

Anayeulizwa naye ana yake moyoni. Sheria za wanyamapori nchini zimeweka malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mkulima aliyeharibiwa mazao. Mkulima akidhani kwamba mtafiti ndiye mleta malipo hayo, huenda akaiongeza hasara. Mfugaji akishuku kwamba hesabu ya ng'ombe itatumiwa kumhamisha, huenda akaipunguza. Hawa si waongo kwa tabia. Wanalinda riziki yao. Ni wajibu wa mtafiti kujitambulisha kwa kweli, kuomba ridhaa, kuficha majina na, pale inapowezekana, kwenda kulitazama shamba lenyewe.

KUTOKA TAKWIMU HADI HOJA

Takwimu hazisemi zenyewe. Hoja thabiti ina sehemu tatu: dai, ushahidi, na kiungo kinachoonyesha kwa nini ushahidi huo walithibitisha dai hilo. Waandishi wengi huanguka penye kiungo.

Tuangalie mfano. Katika sensa ya 2002 Wilaya ya Kilosa ilikuwa na watu karibu 490,000. Katika sensa ya 2012 ilikuwa na watu karibu 438,000. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika: "Watu wanaihama Kilosa." Namba zake ni sahihi, lakini hitimisho lake ni batili. Kabla ya sensa ya 2012 sehemu ya Kilosa ilikatwa kuwa Wilaya ya Gairo, iliyohesabiwa watu karibu 193,000. Tukizijumlisha wilaya hizo mbili twapata watu karibu 631,000. Katika eneo lile lile la zamani, watu walikuwa wameongezeka.

Vivyo hivyo kwa barabara kuu ikatayo Hifadhi ya Mikumi kwa urefu wa kilomita 50 hivi, ambako wanyama hugongwa na magari na matuta yamewekwa kupunguza mwendo. Tukihesabu mizoga michache baada ya matuta kuliko kabla yake, je, matuta ndiyo sababu? Inawezekana. Lakini kwanza tuulize: je, tulihesabu katika majira yale yale ya mwaka? Je, magari yalikuwa mengi sawa? Je, fisi hawakuiondoa mizoga kabla hatujafika? Kila swali tunaloweza kulijibu huiimarisha hoja yetu. Lile tusiloweza kulijibu tuliandike waziwazi, ili msomaji ajue mipaka ya kazi yetu.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu, chagua jambo moja, kwa mfano ni wanafunzi wangapi huja shuleni kwa miguu. Kundi la kwanza liwahoji wanafunzi 30 wa kwanza kuingia langoni asubuhi. Kundi la pili liwahoji 30 waliochaguliwa kwa kura kutoka orodha ya shule. Kisha shule nzima ihesabiwe, na majibu yote matatu yaandikwe ubaoni. Kila mwanafunzi aandike aya moja: ni jibu lipi lililokaribia ukweli, na kwa nini. Mwalimu atakaposahihisha, na aandike pambizoni neno moja tu palipo na dai lisilo na ushahidi: umejuaje?