Uyoga Usiopandika

Mvua za Novemba zikishakolea, akina mama hujipanga kando ya barabara zinazoingia Tabora mjini na mabeseni ya uyoga wa njano wa porini. Mnunuzi wa mtaa wa Mtendeni mwenye akili ya biashara lazima ajiulize: kama uyoga mamama unaota kwenye mifuko ya mabua, kwa nini huu wa njano usioteshwe uani tukauuza mwaka mzima?

Haukubali. Mamama hula mabua makavu. Huu wa njano hulishwa sukari na mti ulio hai. Fukua kidogo chini ya mti wa mtundu, palipo na majani yanayooza, uinue ile mizizi myembamba kabisa. Ncha zake utazikuta fupi na nene, zimevikwa utando mweupe au wa njano. Utando huo ni kuvu. Kutoka hapo nyuzi nyembamba kuliko unywele husambaa pande zote, zikapenya mahali mzizi usipopita, zikachota fosforasi, naitrojeni na maji na kuuletea mti. Mti nao hulipa kwa sukari uliyoitengeneza juani. Mtundu, muba na myombo, miti iliyotawala misitu ya Unyamwezi, yote huishi kwa ubia huo. Nyuki walioipa Tabora jina kwa asali huchuma kwenye maua ya miti hiyohiyo, kwa hiyo hata chupa ya asali ina deni lake chini ya ardhi.

Udongo mwingi wa huku ni mchanga uliotokana na miamba ya graniti, na mchanga haushiki virutubisho. Mvua kubwa ikipiga, vinazama. Kinachovishika ni mboji, na mboji ni kazi ya viumbe: mchwa, majongoo, nyungunyungu, kuvu, bakteria. Makadirio ya watafiti wa Uswisi yaliyochapishwa mwaka 2023 yanasema asilimia 59 ya aina zote za viumbe duniani huishi udongoni. Kwenye mchanga wa Tabora hao ndio rutuba yenyewe.

Ndiyo maana shamba lililofyekwa msituni hutoa mahindi mazuri mwanzoni, kisha likaanza kugoma. Tunasema ardhi imechoka. Mchanga ni uleule. Kilichokwisha ni akiba ya mboji, na waliokuwa wakiitengeneza wamekosa chakula. Mahindi hayana ubia na kuvu ya mtundu. Yana kuvu yake ya kundi jingine, inayoingia ndani ya mzizi wenyewe, nayo huhitaji mizizi hai. Huku mvua ni msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili. Mabua yakishachomwa, ardhi inabaki uchi miezi ya kiangazi, haina mzizi wala takataka ya kulisha kiumbe chochote chini.

Wazee wa Kinyamwezi walilima matuta. Walifukia majani na magugu ndani ya tuta, na msimu uliofuata wakalipasua na kuinua jingine kwenye mfereji, magugu mapya chini yake. Shamba likipungua nguvu, lilipumzishwa. Kilimo hicho ndicho kilichokuwapo wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, na misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilikula humo. Ila wazee walikuwa na nafasi. Sensa ya 2012 iliuhesabia mkoa watu milioni 2.29, ya 2022 ikahesabu milioni 3.39. Kumwambia mwenye ekari tatu apumzishe shamba miaka mingi ni kumtania.

Tumbaku imeongeza ugumu. Zao hili lilishika Urambo baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kufa mwaka 1951, na linakula msitu mara mbili: kwa kuni za mabani ya kukaushia na kwa mashamba mapya. Sababu mojawapo ya kuhamahama ni minyoo fundo, inayovimbisha mizizi mpaka mmea unadumaa. Konzi moja ya udongo ina minyoo ya aina nyingi isiyoonekana kwa macho, na mingi haina ubaya, hula bakteria tu. Hasidi ni wachache. Wanazuiwa na minyoo wala minyoo na kuvu zenye vitanzi vinavyowanasa. Tumbaku juu ya tumbaku huwanenepesha hasidi, na ardhi isiyo na mboji huwanyima walinzi makazi.

Kituo cha utafiti cha Tumbi, nje kidogo ya mji, kilijaribu njia ninayoiona ya busara: kupanda miti ya akasia ya Australia pamoja na mahindi, kuiacha miti ikue, kisha kuivuna kuni na kulima tena katikati ya visiki. Kuni za bani zinapatikana, na majani yaliyoanguka yanalisha udongo. Kasoro yake ni kwamba aina moja ya mti haijengi msitu, na mimi ningependa kuona visiki vya mtundu vikiachwa vichipue pembezoni.

Asiye na nafasi ya miti aanze na karanga au njugu mawe. Ng'oa shina changa, upasue kijinundu kwenye mzizi kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu kama nyama, bakteria waliomo wanakamata naitrojeni ya hewani. Kikiwa cha kijani au kijivu, hawafanyi kazi.

Wamebaki mchwa, ambao wengi huwanunulia sumu. Mchwa wa vichuguu ni wakulima: wamekuwa wakilima kuvu ndani ya vichuguu kwa takriban miaka milioni 30, na wanapojenga huchimbua udongo wa mfinyanzi kutoka chini ya mchanga. Hupendelea vitu vikavu, na mara nyingi huyageukia mahindi pale shamba lilipofagiwa likakosa kingine cha kula. Mabua yakiachwa yametandazwa, uharibifu aghalabu hupungua. Kichuguu kilichohamwa kina mfinyanzi na kalisi nyingi zaidi kuliko mchanga wa jirani yake. Kivunje kabla ya mvua, ukichanganye na samadi. Hakitatosha ekari ya mahindi, lakini kwa bustani ya mchicha nyuma ya nyumba za Mtendeni madebe machache yanatosha kuanzia.