Istilahi za Safari katika Msimu wa Sikukuu

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Novemba, meza yetu ya istilahi huanza kuletewa karatasi za namna moja. Ofisi zinazoshughulika na usafiri huwa zinatayarisha matangazo, miongozo ya wakaguzi, fomu za vibali na mabango ya kubandikwa vituoni. Desemba ni mwezi ambao shule zimefungwa, Krismasi na Mwaka Mpya vimekaribia, na watu waliotawanyika mijini hurudi kwao. Ndugu zetu wa Kilimanjaro hutaniwa kwamba huenda "kuhesabiwa", lakini utani huo ungewafaa pia watu wa Mbeya, wa Kagera na wa kwingineko, maana mabasi ya njia zote hujaa. Nyingi ya karatasi hizo huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hupewa mtumishi mmoja azigeuze kuwa Kiswahili katika muda wa siku mbili, hali ana kazi zake nyingine.

Tumeona yafaa katika toleo hili tuyajadili baadhi ya maneno yaletayo mashaka katika kazi hiyo. Neno lisilofaa katika riwaya humuudhi msomaji tu, naye aweza kukifunga kitabu. Neno lisilofaa katika tangazo la kituo humlaza mtu sakafuni pamoja na watoto wake.

Tuanze na jina la kipindi chenyewe. Wafasiri wengi, wakikuta neno la Kiingereza lenye maana ya siku za mapumziko, huandika "likizo" pasipo kufikiri. Likizo ni ruhusa ya mfanyakazi au ya mwanafunzi. Sikukuu ni siku inayoadhimishwa na watu wote. Mkulima wa Singida hana likizo, lakini sikukuu anayo, na katika kituo cha mabasi yeye ni abiria kama mwingine. Kadhalika tumepata kusoma "kipindi cha kilele cha usafiri", maneno ambayo humfanya msomaji afikirie mlima. Kwa maoni yetu "msimu wa sikukuu" yatosha. Tena neno msimu lina haki ya pekee hapa, kwa sababu tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya majira ya pepo za kusafiria. Kaskazi ilipoanza kuvuma, kwenye Desemba, majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalianza kushuka kuja pwani yetu. Neno hilo lilizaliwa katika usafiri. Halikuazimwa humo jana.

Jambo lililotuchukulia muda mwingi kuliko yote ni saa. Katika Kiswahili saa ya kwanza ya mchana huhesabiwa tangu jua kuchomoza, na saa ya kwanza ya usiku tangu jua kutua. Mitambo ya kukatia tiketi haijui hesabu hiyo. Huchapa saa za kimataifa, zianziazo usiku wa manane hadi 24. Hivyo 06:00 katika tiketi ni saa kumi na mbili alfajiri, na 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Msomaji wa gazeti hili atasema kwamba hayo yanajulikana na kila mtu. Nasi tulidhani hivyo hadi Desemba moja tulipokuwa sisi wenyewe safarini. Tulimkuta mama wa makamo ameketi juu ya begi lake, na wajukuu wawili ubavuni. Tiketi yake ilisema "saa 06:00". Yeye aliisoma kama ilivyoandikwa, saa sita, akafika kituoni saa tano asubuhi ili awahi. Basi lake lilikuwa limeondoka saa tano nzima kabla yake. Karani wa kampuni alimjibu kwamba tiketi imeandikwa wazi, na nauli hairudishwi. Siku hiyo ilikuwa tarehe 23, wala hakukuwa na kiti kingine njia ile hadi baada ya Krismasi.

Karani alikuwa na haki kwa upande wa tarakimu. Kwa upande wa lugha hakuwa nayo hata kidogo, kwa sababu ni tiketi ile ile iliyotanguliza neno "saa" mbele ya 06:00. Neno "saa" likitangulia tarakimu, Mswahili husoma hesabu ya Kiswahili, na hana kosa. Pendekezo letu ni kwamba tarakimu za kimataifa ziandikwe peke yake, pasipo neno "saa", na kando yake iandikwe saa ya Kiswahili kwa maneno pamoja na sehemu ya siku: 06:00, yaani saa kumi na mbili alfajiri. Nafasi ya kuchapia ikiwa ndogo, basi iachwe ile ya kimataifa, ibaki ile ya abiria. Tumeambiwa kwamba jambo hilo ni gumu kwa mitambo. Hatuamini, mtambo uwezao kutoa sita kutoka kumi na mbili si wa ajabu.

Ugumu wa pili wa saa ulizidi tangu mwaka 2023, mabasi ya masafa marefu yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku. Tiketi ikisema 00:30, tarehe 24 Desemba, abiria mwingi wa kawaida hufika kituoni usiku wa tarehe 24 baada ya chakula cha jioni. Akifika saa tano za usiku huo, basi lake lina saa ishirini na mbili na nusu tangu liondoke. Si ujinga. Kwa desturi yetu ya pwani siku huanza magharibi, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwa wazee ni ule utanguliao mchana wa Ijumaa. Kwa vijana wa mjini, aghalabu, ni ule uufuatao. Desturi mbili zimekutana katika karatasi moja. Lugha lakini imekwisha kutupatia dawa, nayo ni "kuamkia": saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 24. Maneno hayo hayana tafsiri mbili kwa mzee wala kwa kijana, nasi tunawaomba watayarishaji wa tiketi na wasoma matangazo wasiyaache.

Baada ya saa, lililo zito ni hali ya safari yenyewe. Yako maneno manne ambayo husemwa kana kwamba ni mamoja: kuchelewa, kuahirishwa, kusitishwa na kufutwa. Safari iliyochelewa bado ipo siku hiyo hiyo, na abiria hapaswi kuondoka. Iliyoahirishwa imehamishiwa siku au saa nyingine inayotajwa. Iliyosimama kwa muda, pengine kwa sababu mvua za vuli zimekata barabara au ukungu umefunika kiwanja, na ambayo haijulikani itaendelea lini, ndiyo iliyositishwa. Iliyofutwa haipo tena, na hapo ndipo abiria anapostahili kurejeshewa nauli au kupewa safari badala. Tangazo likisema "imesitishwa" hali maana yake ni "imechelewa", watu watarudi makwao na ndege itaondoka na viti vitupu. Likisema "imeahirishwa" hali imefutwa, watu watasubiri kitu kisichokuja, na madai yao ya nauli yatapingwa kwa neno lile lile walilotangaziwa.

Hapa pana pia suala la kauli ya kitenzi, ambalo walimu wa sarufi watalifurahia. "Basi limechelewa" ni jambo lililotokea tu. "Basi limecheleweshwa" lina mtenda nyuma yake, naye msikilizaji atamtafuta. Tumegundua kwamba matangazo mengi hupendelea ile ya kwanza hata pale ambapo mtenda anajulikana vema. Mfasiri hana mamlaka ya kumtaja asiyetajwa katika asili, lakini asili ikisema wazi kwamba safari imecheleweshwa na ukaguzi, asiigeuze ikawa imechelewa yenyewe.

Neno "mwendokasi" nalo limetupatia barua nyingi. Walimu wa fizikia hulitumia kwa maana ya umbali uliogawanywa kwa muda. Askari wa usalama barabarani hulitumia kwa kosa la dereva kupita kiwango kilichowekwa. Na tangu mwaka 2016, Mabasi Yaendayo Haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam, wakazi wa jiji wameyaita kwa jina hilo hilo. Maana tatu zinaweza kuishi pamoja pasipo ugomvi mahali pengi, lakini si katika mwongozo wa wakaguzi. Tumesoma rasimu iliyoagiza "udhibiti wa mwendokasi katika msimu wa sikukuu", na msomaji mmoja akauliza kwa nini mabasi ya jiji yadhibitiwe wakati watu wanayahitaji zaidi. Kwa kosa la dereva twapendekeza "kuzidisha mwendo". Jina la mabasi tuwaachie wenyewe watu wa jiji, kwani limekwisha kuota mizizi.

Upande wa reli, "gari la moshi" limefikia mwisho wa kazi yake katika njia moja kubwa. Treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, 2024, na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo. Hazina moshi. Kwa hiyo "treni" litumike kwa zote, na "gari la moshi" libaki kwa simulizi na kwa wale wanaolipenda, miongoni mwao sisi. Tatizo limebaki katika jina la reli yenyewe. Wengine husema "reli ya kisasa", lakini kila reli ilikuwa ya kisasa siku ilipozinduliwa, hata ile ya Wajerumani. Istilahi ya kitaalamu na ishike kipimo: reli ya geji sanifu, yenye upana wa milimita 1,435, mbali na reli ya geji ya mita moja, na mbali na ile ya TAZARA yenye milimita 1,067. Abiria hahitaji kujua vipimo hivyo, ila bango la mahali pa kubadilishia treni lazima limwambie kwamba stesheni mpya na ile ya zamani ni mahali pawili.

Je, tuseme uwanja wa ndege au kiwanja cha ndege? Yote mawili ni sahihi. Wingi wa uwanja ungepaswa kuwa nyanja, lakini nyanja tumezipeleka kwenye taaluma, kwa hiyo katika wingi wote hukutana kwenye viwanja. Tunashauri ofisi ifuate jina rasmi la mahali inapopataja, isibishane. La muhimu zaidi ni kutenganisha kiwanja na jengo la abiria. Kiwanja cha Julius Nyerere kina zaidi ya jengo moja, na Jengo la Tatu, lililozinduliwa Agosti 2019 kwa makadirio ya kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, liko mbali kiasi cha kumkosesha ndege mtu aliyeshushwa kwenye jengo jingine na mizigo mikononi. Maelezo ya safari yanayosema "fika kiwanjani" tu hayajasema kitu.

Mengine tuyapitie kwa haraka. "Pasi ya kupandia" ndege iachwe, iwe "kadi ya kupandia ndege", kwa sababu pasi ya kusafiria ni hati nyingine kabisa, na afisa akiuliza pasi katika foleni ndefu atapewa isiyo yake. "Muda wa kuripoti", maneno yaliyomo katika tiketi za mabasi, yafaa pia kwa ndege. "Njia ya kurukia na kutulia" ni sarufi njema, lakini inachekesha. Semeni kurukia na kutua. Kuna aliyetuletea kitenzi kizuri cha zamani, "kuabiri", kilicho ndugu wa abiria, akitaka kichukue nafasi ya "kupanda". Tunakipenda kwa maandishi. Kwa kipaza sauti tunakikataa, maana abiria hawezi kutafuta kamusi hali injini inanguruma.

Katika fomu za Mamlaka za udhibiti twapendekeza "leseni" ibaki kwa ruhusa ya kudumu ya kutoa huduma katika njia fulani, na "kibali cha muda" kwa basi la nyongeza linaloruhusiwa siku chache ili kupunguza msongamano. "Ulanguzi wa tiketi" ni istilahi tayari, watu wameitunga na ina ukali unaostahili. Isipozwe kuwa "mauzo yasiyo rasmi". Vivyo hivyo "kuzidisha abiria" ni wazi kuliko "kukiuka ujazo ulioidhinishwa", ambayo dereva atadai hakuielewa, na pengine atasema kweli.

Limebaki jambo moja ambalo hatukulimaliza. Sikukuu za Idd hutegemea mwandamo wa mwezi, na boti za kwenda Unguja na Pemba hujaa siku ambayo haijulikani kwa hakika hadi usiku wake. Ratiba za safari hizo huandikwa "Idd mosi" na "Idd pili" badala ya tarehe, na hakimu akiulizwa kama abiria alichelewa hana tarehe ya kushikilia. Wasomaji walio bandarini, na hasa wale wa Zanzibar ambao wamelizoea jambo hili kuliko sisi, watuletee maneno wanayoyatumia katika tiketi zao kabla ya toleo lijalo kwenda mtamboni.