Vichezeo vya kujengea ngome: yapi ya kuangalia kabla ya kumnunulia mtoto

Msafiri anayeaga kwenda Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hubebeshwa maagizo ya watu wa nyumbani, na sikukuu za Idi au mwisho wa mwaka zinapokaribia, maagizo ya watoto ndiyo huzidi. Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa katika miji hiyo mikubwa ya nchi jirani, na zaidi katika biashara ya mtandaoni, kimo kichezeo ambacho wazazi wengi hawajapata kukishika mkononi: boksi lililojaa vijiti vya plastiki na vipira vyenye matundu. Picha ya juu ya boksi huonyesha watoto wameketi ndani ya ngome waliyoijenga wenyewe sebuleni, na shuka limetandazwa juu yake kama paa.

Kwa anayelijua neno ngome kwa Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, jina hili ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Kinachojengwa ni kibanda. Mtoto huchomeka kijiti katika tundu la kipira, kipira kikapokea kijiti cha pili na cha tatu, hata fremu ikasimama. Kisha mtu mzima husaidia kuifunika kwa kitambaa. Hakuna gundi wala msumari. Jioni yote huvunjwa na kurudishwa bokosini.

Jambo la kwanza linalompotosha mnunuzi ni idadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Boksi likisema vipande 75 au 100, hesabu hiyo hujumlisha vijiti na vipira pamoja, ilhali ukubwa wa kibanda huamuliwa na vijiti. Tufanye hesabu kabla ya kutoa fedha. Katika seti nyingi kijiti kina urefu unaokaribia sentimita 35. Tuseme mtoto anataka kibanda chenye upana wa vijiti viwili, kina cha vijiti viwili na kimo cha vijiti vitatu. Ukiongeza unene wa vipira, hicho ni kibanda cha takriban sentimita 75 kwa 75, na kimo cha sentimita 110. Kila mzunguko wa mlalo unakula vijiti 8, na mizunguko ni minne, kwa hiyo 32. Nguzo ni 8 zenye vijiti vitatu kila moja, nazo ni 24. Paa linadai vijiti 4 vya kukutana katikati. Jumla ni vijiti 60 na vipira 33, yaani vipande 93. Boksi la vipande 75 haliwezi kukijenga kibanda hicho, hata kama picha yake inaonyesha jumba la kifalme.

Na kibanda chenyewe si kikubwa. Kwa vipimo vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka mitano ana kimo cha wastani cha sentimita 110 hivi, kwa hiyo akisimama kichwa chake kinagusa paa. Akiketi na mwenzake mmoja, wanatosha. Anayetaka kibanda cha watoto wanne atafute boksi lenye vijiti visivyopungua mia moja, au maboksi mawili ya aina moja. Nasema aina moja kwa makusudi: unene wa vijiti na upana wa matundu hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, na tofauti ya milimita moja tu hutosha kukifanya kijiti kisiingie, au kiingie na kuchomoka.

Jambo la pili halionekani katika picha yoyote, nalo ni uimara. Chukua vijiti vinne uunde mraba, kisha usukume pembe moja kwa kidole: mraba unalala upande kama mlevi. Chukua vijiti vitatu uunde pembetatu, usukume vivyo hivyo: haitikisiki, kwa sababu umbo lake haliwezi kubadilika bila kijiti kimoja kuvunjika au kiungo kuachia. Ndiyo maana mapaa ya nyumba zetu, minara ya simu na madaraja ya chuma yamejaa pembetatu. Seti nzuri ya kujengea ngome huujua ukweli huu. Vipira vyake vina matundu ya kwenda mshazari, si ya kwenda juu, chini na pembeni peke yake, na ndani ya boksi kuna vijiti vya urefu wa aina mbili, kile kirefu kikiwa takriban mara 1.4 ya kifupi, ili kiweze kuvuka kutoka pembe hadi pembe. Seti yenye vijiti vya urefu mmoja na matundu ya pembemraba peke yake itampa mtoto kibanda kinachoyumba, kisha kilio. Aliyekwisha kuinunua asiitupe: kibanda kikisimamishwa katika kona ya chumba, kuta mbili za nyumba hupunguza kuyumba kwake.

Kitambaa nacho kina uzito. Blanketi zito huinamisha vijiti vya plastiki kabla mtoto hajaingia. Kanga inafaa zaidi kuliko shuka zinazoonekana katika matangazo: ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110, ni nyepesi, na huuzwa kwa jozi. Kipande kimoja kikitandazwa juu ya kibanda tulichokipigia hesabu hufunika paa lote na kuning'inia pande mbili kwa kiasi cha urefu wa kijiti kimoja.

Sasa tufike katika maandishi madogo, maana humo ndimo yalimo mambo ya uhai na kifo. Maboksi mengi ya vichezeo vyenye vipande vidogo yana alama ya duara lenye mstari mwekundu, ndani yake uso wa mtoto na tarakimu 0-3. Wazazi wengi huisoma alama hiyo kama kipimo cha akili, wakasema: mwanangu ni mwerevu, ana miaka miwili lakini anaweza. Alama haizungumzii akili. Inazungumzia koo. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hupeleka kila kitu kinywani, na njia yake ya hewa ni nyembamba.

Maabara zinazopima vichezeo hutumia kikombe chenye kipenyo cha milimita 31.7 kinachofanana na koo la mtoto. Kipande chochote kinachotumbukia chote ndani yake hakiruhusiwi katika kichezeo cha walio chini ya miaka mitatu. Kwa vitu vya mviringo, sheria za Marekani ni kali zaidi: mpira wenye kipenyo kisichozidi milimita 44.5 hauuzwi kwa ajili ya watoto wa umri huo, kwa kuwa duara huziba koo kabisa bila kuacha upenyo wa pumzi. Nyumbani hakuna kikombe hicho, lakini kuna kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya choo inapokwisha. Kipenyo chake ni sentimita nne au zaidi kidogo. Kipande kikipita ndani yake, kisiachwe mahali anapotambaa mtoto mchanga. Kisha vuta kwa nguvu vifuniko vya ncha za vijiti, kama vipo, kwani kipira kikubwa kinaweza kuwa salama huku kifuniko chake kidogo kikawa ndicho hatari.

Katika nyumba zetu boksi halina mtoto mmoja. Linanunuliwa kwa ajili ya dada wa miaka sita, likachezewa na kaka wa miaka minne, na mdogo wao wa miezi kumi akaokota kilichobaki chini ya kiti. Kwa hiyo umri wa kuzingatia wakati wa kununua ni wa mtoto mdogo kuliko wote wanaoishi katika nyumba hiyo. Ikitokea mtoto aliyevuka mwaka mmoja amekabwa, hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele na umpige kwa kiganja mapigo matano katikati ya mabega. Kisipotoka, simama nyuma yake, umkumbatie, ukibane tumbo kwa ndani na juu mara tano, na urudie zamu hizo huku msaada ukiitwa. Aliye chini ya mwaka habanwi tumbo: hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, akapigwa mgongoni, kisha hugeuzwa na kubonyezwa kifua kwa vidole. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona.

Zipo aina mbili za vichezeo vya kujengea ambazo ningezipita dukani bila kusimama ikiwa nyumbani kuna mtoto mdogo. Ya kwanza ni ile inayoshikana kwa sumaku ndogo zenye nguvu, ikiwa ni ya bei ya chini na maungio yake hayakufungwa vizuri. Sumaku moja ikimezwa huweza kupita. Zikimezwa mbili hutafutana kupitia kuta za utumbo, zikaubana na kuutoboa, na dalili za mwanzo hufanana na maumivu ya kawaida ya tumbo. Ya pili ni ile yenye taa ndani ya vipira, inayotumia betri ndogo za mviringo mfano wa sarafu. Betri hiyo ikikwama katika umio inaweza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili. Mtoto anayeshukiwa kumeza kimojawapo cha vitu hivi apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri na bila kutapishwa. Kama taa ni lazima, mfuniko wa betri uwe umefungwa kwa skrubu.

Kuhusu taa, hatari iliyo karibu zaidi nasi si ya kiwandani. Umeme ukikatika jioni, mtoto aliyemo ndani ya kibanda chake huomba mwanga, na kilicho karibu ni mshumaa au kibatari. Kanga na plastiki ni kuni mbele ya moto. Tochi ndiyo pekee inayostahili kuingia humo.

Alama za ubora zinasaidia, lakini hazimalizi kazi. Herufi CE, zinazotakiwa na Umoja wa Ulaya, kwa vichezeo vingi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, na kuzichapa juu ya boksi hakugharimu kitu kwa mdanganyifu. Maandishi EN 71, ASTM F963 au ISO 8124 yanataja viwango vya usalama vya Ulaya, Marekani na kimataifa. Nchini Kenya bidhaa za kigeni hutakiwa kuwa na stika ya shirika la viwango, KEBS. Tanzania kazi ya viwango ni ya TBS, na Burundi ni ya BBN. Boksi lisilo na jina wala anwani ya mtengenezaji au mwagizaji ni la kurudishwa juu ya rafu, hata bei yake ikivutia. Vile vile kichezeo cha mbao kinachobanduka rangi, kwani baadhi ya rangi zina madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto.

Kuhusu umri unaofaa, kuchomeka vijiti kunadai nguvu za vidole ambazo mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida hana. Wa miaka minne au mitano hujenga akisaidiwa, na kuanzia sita huweza kuachiwa. Wote wafundishwe kutokimbia na kijiti mkononi, na kutokiweka kinywani hata kidogo: akianguka nacho, huchoma kaakaa.

Fikra yenyewe ya vijiti na viungo si ya jana. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyefungua taasisi yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837 na kuiita bustani ya watoto mwaka 1840, aliwapa watoto vijiti vyembamba na njegere kavu zilizolowekwa majini. Njegere ikiwa laini hupenyeka. Ikikauka hukishika kijiti imara. Mwaka 1914 Charles Pajeau, mchonga mawe wa Evanston nchini Marekani, alianza kuuza vijiti vya mbao na magurudumu yenye matundu kwa jina la Tinkertoy. Vipira vya plastiki vya leo ni wajukuu wa njegere ile.

Katika vijiji vya ukanda wetu, watoto wamekuwa wakifanya kazi ileile kwa mabua ya mtama, wakiyamenya na kuunganisha moyo wake mwororo kwa vijiti vya ganda la bua au kwa miiba, wakapata nyumba, magari na baiskeli. Mzazi asiye na fedha za boksi hajamnyima mtoto kitu. Mjini Rochester, Marekani, lipo jumba la kumbukumbu la vichezeo ambalo huchagua vile vilivyodumu na kupendwa zaidi. Tinkertoy imo. Lakini mwaka 2005 waliingiza humo boksi tupu la karatasi ngumu, mwaka 2008 wakaingiza fimbo, na mwaka 2011 blanketi. Vitu hivyo vitatu vikikutana chini ya meza ya kulia chakula, ngome imekwisha jengwa, na boksi la friji au la televisheni hupatikana kwa wenye maduka kwa kuomba tu. Litolewe kwanza pini za chuma, gundi ya karatasi na mifuko ya nailoni iliyobaki ndani, na madirisha yakatwe na mtu mzima.