Baraza lisikose shauri

Kiingereza kina maneno mawili yanayotamkwa karibu sawa: "council" na "counsel". La kwanza ni baraza, yaani watu waliokutana kujadili jambo. La pili ni shauri, lile neno la busara analopewa mtu ili aamue vema. Anayekosea tahajia husahihishwa kwa kalamu. Wanaodhani kuwa na baraza ni sawa na kuwa na shauri ni vigumu zaidi kuwasahihisha.

Maneno hayo yametoka katika Kilatini, concilium na consilium. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa mwaka 1962 hadi 1965, huitwa concilium. Lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, inapotaja baraza la kichungaji la parokia katika kanuni ya 536, inaliita consilium. Jina lenyewe linadai shauri kutoka kwa wajumbe. Hata Kiswahili chetu kinakumbusha hivyo: ndani ya "halmashauri" limo "shauri".

Kanuni hiyohiyo inasema sauti ya baraza hilo ni ya kushauri tu. Hapo wapo wanaonung'unika: "Kama hatuamui, tunaitwa kufanya nini?" Ndugu yangu, unaitwa useme unachokiona. Ukikaa kimya mpaka sala ya kufunga, paroko ataamua bila kujua unachokijua.

Mwinjili Luka (23:50-51) anatueleza juu ya Yosefu wa Arimathaya. Alikuwa mjumbe wa baraza, mtu mwema na mwenye haki, naye hakukubaliana na shauri la wenzake wala tendo lao juu ya Yesu. Kiti cha ujumbe hakikumnyamazisha dhamiri.

Tuwatazame pia Mitume kule Yerusalemu, katika Matendo sura ya 15. Swali lilikuwa zito: je, wapagani walioamini watahiriwe? Walihojiana sana. Petro akasema, kisha mkutano wote ukanyamaza kuwasikiliza Barnaba na Paulo, halafu Yakobo akatoa shauri. Katika barua waliyoiandika, walipotamka uamuzi walimtaja kwanza Roho Mtakatifu, ndipo wao wenyewe. Hapo baraza lilikuwa na shauri.

Shauri ni kimojawapo cha vipaji saba vya Roho Mtakatifu, tulivyovipokea katika Kipaimara. Basi, mjumbe unayejua kwamba mchango wa ujenzi umewaelemea wajane wa jumuiya yako, sema mkutanoni, kwa upole na bila woga. Usisubiri kusemea nje, chini ya mwembe, wakati uamuzi umekwisha kupita. Nawe paroko, msikilize mpaka amalize, hasa anaposema jambo usilotaka kulisikia. Wajane hao hawapo kikaoni kujisemea.

Nawatakieni Dominika njema.